Tusiifanye kadari kisingizio: Usalama wa watoto wadogo katika nyumba zetu za kupanga

Chupa ya plastiki ya soda, katika mitaa yetu, haitupwi kinywaji kinapokwisha. Huoshwa, hukaushwa, kisha huanza maisha ya pili. Hupelekwa dukani ikajazwa mafuta ya taa. Hutiwa sabuni ya maji ya kijani au ya waridi inayouzwa kwa kupimwa. Huhifadhiwa ndani yake dawa ya kutoa madoa, au maji ya kostiki soda kwa akina mama wanaojipatia riziki kwa kutengeneza sabuni na batiki. Baada ya hapo hurejeshwa pale pale ilipokuwa ikikaa zamani: sakafuni, kando ya jiko, au chini ya kitanda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa chupa, na hata angejua, karatasi hiyo bado inamwambia kwamba ndani mna soda.

Sisi wa kamati ya msikiti aghalabu huitwa mambo yakiwa yamekwisha. Wito unaotufikia ni wa sanda, wa kuchimba kaburi, na wa gari la kwenda makaburini. Maiti ya mtoto mchanga haihitaji jeneza wala wabebaji wanne. Mara nyingi hubebwa mikononi ikiwa imefunikwa kanga, na msafara wake ni mfupi na wa kimya. Kisha watu wakikaa mkekani, kauli moja husikika kutoka kila upande, kwamba ile ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Kauli hiyo ni ya kweli. Kwa mama aliyefiwa ni maliwazo, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya, wala si mahali pa mtu yeyote kumuuliza siku ile chupa ilikuwa wapi. Neno letu katika makala hii linahusu kauli hiyo hiyo inapotangulizwa kabla ya tukio, pale mzazi anapoonywa kuhusu kisima kilicho wazi naye akajibu kwamba anayelinda ni Mungu.

Wasomi wetu wanalijua vyema jibu la Sayyidna Umar bin Khattab (RA). Alipokuwa njiani kuelekea Sham, alipata habari kwamba huko kumezuka tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda bin al-Jarrah (RA), mmoja wa masahaba watukufu, akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari Yake nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja kame na moja yenye majani: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari ya Mungu. Basi chupa iliyo chini ya kitanda ni kadari, na chupa iliyofungiwa juu ya kabati nayo ni kadari. Uchaguzi wa bonde tumeachiwa sisi.

Wala dini haikutuacha katika maelezo ya jumla. Katika hadithi aliyoipokea Jabir bin Abdillah (RA), iliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) anaingia ndani ya nyumba ya Muislamu, kifaa kwa kifaa. Anaamrisha watoto wazuiwe ndani giza linapoanza kuingia, milango ifungwe kwa kutajwa jina la Allah, viriba vifungwe, vyombo vifunikwe hata kwa kuwekewa kijiti juu yake, na taa zizimwe wakati wa kulala. Imetajwa pia sababu ya kuzima taa: panya anaweza kuuburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Na katika hadithi ya Abu Musa (RA), nyumba moja ya Madina iliungua usiku ikiwa na watu wake, naye Mtume (SAW) alipopata habari akaueleza moto kuwa ni adui wa wanadamu, akawataka wauzime walalapo. Tumezoea kuzisoma hadithi hizi kama adabu za usiku. Ni vyema tukazisoma pia kama ukaguzi wa nyumba.

Nyumba yenyewe inayokusudiwa hapa tunaijua sote. Ni ile ya ukumbi mmoja katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani kwa nyuma penye choo, bafu na jiko, na pengine kisima. Kuanzia Mwananyamala na Kigogo hadi Tandika, Buza na Chamazi, ndiyo nyumba inayolea watoto wengi wa jiji hili. Familia tano au sita huishi humo, wengine wakiwa na watoto, wengine hawajaoa. Ushauri mwingi wa malezi tunaosoma umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba yake peke yake, mwenye jiko lenye mlango na kabati lenye kufuli. Kwetu, kijana wa chumba cha mwisho ambaye hana mtoto huacha kibuyu chake cha mafuta ya taa mlangoni, na anayekinywa ni mtoto wa chumba cha kwanza. Mama wa mtoto yule angekuwa mwangalifu namna gani, chumbani kwake hakuna kosa hata moja.

Kwa hiyo hatukubaliani na desturi ya kulipeleka suala hili lote kwa mama. Mama ndiye aliyepo, na kwa kuwa ndiye aliyepo, ndiye anayelaumiwa. Lakini ukumbi si wake, uani si wake, na mara nyingi hata fedha ya kununulia kufuli si yake. Katika vitabu vya fiqhi, mtu anayechimba shimo katika njia ya watu, bila haki ya kulichimba hapo, huwajibika kwa atakayetumbukia. Kama ukumbi wa nyumba ya kupanga una hukumu ya njia ya watu, hilo tunawaachia masheikh wetu walifafanue. Ila tunaamini mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo ana la kujifunza katika mlango huo.

Tuanze na jiko, kwa kuwa ndilo linalotujeruhia watoto kila siku hata pasipo kifo. Jiko la mkaa hukaa chini. Sufuria ya uji hukaa juu yake, na mkono wa mtoto anayejifunza kutembea hufika pale pale ilipo. Saa mbaya zaidi ni ile iliyo kati ya Alasiri na Isha: mama anapika, mwanga unapungua, wakubwa wanatoka shule na kazini, wanaume wanaelekea msikitini, na wadogo wana njaa na usingizi kwa pamoja. Katika Ramadhani saa hiyo huwa nzito maradufu, kwa sababu uji, mihogo na mafuta ya kukaangia vyote vipo motoni kwa wakati mmoja. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo hekima ya amri ya kuwazuia watoto magharibi. Hadithi imetaja sababu yake, nayo ni kutawanyika kwa mashetani, nasi tunaiamini kama ilivyokuja. Tunasema tu kwamba mwenye kuitekeleza amri ile kwa kumkabidhi mtoto kwa mtu mzima mmoja, akae naye chumbani au barazani mpaka chakula kiive, atakuwa amemwepusha na mengi.

Dawa ya jiko ni kuliinua au kulizungushia. Matofali ya saruji yaliyopangwa hadi kimo cha kiuno cha mtu mzima hutosha kuwa meza ya jiko. Pasipowezekana hivyo, kigeti kifupi cha mbao chenye bawaba mbili na komeo kwa nje, kikiwekwa kwenye mlango wa jiko, humzuia anayetambaa. Mishikio ya sufuria igeuziwe ukutani. Chupa ya chai isikae kwenye ukingo wa meza yenye kitambaa kinachoning'inia, maana mtoto hakiachi kitambaa. Maji ya kuoga yachanganywe kwa kutangulia ya baridi ndipo yafuate ya moto, ili ndoo isipate hata dakika moja ya kuwa na maji ya moto peke yake. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mvua inaponyesha likiwa na makaa, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu, na waliolala hawaamki kuikimbia.

Gesi nayo inaingia katika nyumba hizi kwa kasi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Ni jambo jema kwa macho na mapafu ya mama zetu. Lakini mtungi mdogo wa kilo 6, wenye kichomeo juu yake, unakaa sakafuni kama lilivyokaa jiko la mkaa, na kitasa chake kinazungushwa na mkono wa mtoto bila taabu. Ijulikane pia kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Hutanda chini, alipolala au anapotambaa mtoto, kabla mtu mzima aliyesimama hajaisikia harufu. Valvu ifungwe kila upishi unapokwisha. Harufu ikisikika, asiwashe mtu taa wala kuizima, asiwashe kiberiti. Mlango na madirisha yafunguliwe, watu watoke, na mtungi utolewe nje ikiwezekana.

Maji yana ujanja wake. Moto humfanya mtoto alie, lakini maji humchukua kimya. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Msomaji wa Dar es Salaam anaposikia kufa maji huwaza bahari, au Mto Msimbazi wakati wa masika, au Mto Ng'ombe unapofurika huko Tandale. Hatari hizo zipo. Hata hivyo, kwa anayejifunza kutembea, bahari ni ndoo. Kichwa chake ni kizito kuliko miguu yake. Akiinama kuchungulia akatangulia kichwa, hawezi kujiinua, na maji yasiyofika kwenye goti la mtu mzima yanatosha. Nasi, kwa sababu ya mgawo wa maji, tunayahifadhi kila mahali: mapipa, madiaba, madumu yaliyokatwa mdomo. Kuna na mashimo ya misingi ya nyumba ambazo hazijakamilika huko Chamazi na Mbande, yanayojaa mvua na kuwa madimbwi. Kuna chemba za vyoo ambazo mfuniko wake umepasuka na kuwekewa kipande cha bati. Bati lililooza juu ya chemba ni baya kuliko shimo lililo wazi, kwa sababu linamdanganya hata mkubwa.

Mfuniko wa zege wenye masikio ya nondo, ambao mtoto hawezi kuusogeza, hutengenezwa na fundi yeyote wa mtaani kwa siku moja. Msikiti wetu uliutengeneza wa kwake kwa fedha ya sadaka ya Ijumaa, tangi la maji ya udhu likatiwa na kufuli, kwa kuwa watoto wa madrasa hukaa pale jioni nzima. Kisha tuliwaomba wenye nyumba wa jirani wachangie nauli ya mchanga na kokoto ili fundi huyo huyo awapitie nao. Wapo waliokubali siku ile ile. Mmoja alitujibu kwamba wapangaji wake hawajalalamika.

Umeme na milango tuyaseme pamoja, kwa kuwa vyote viwili huhusu usiku. Ekstensheni moja inayobeba feni, televisheni na pasi, ikapitishwa chini ya zulia, ndiyo utambi wetu wa leo, na panya bado yupo. Dawa ya mbu ya kuchoma na mshumaa visikae karibu na neti. Kila chumba chenye grili za chuma dirishani kina mlango mmoja tu wa kutokea, kwa hiyo ufunguo wa mlango wa ukumbi lazima uning'inie mahali pamoja panapojulikana na wote, usilale mfukoni mwa mtu. La kuwafungia watoto kwa nje ili mama aende sokoni au kibaruani, tunalitaja kwa huzuni kwa sababu tunaijua njaa inayolisababisha. Lakini chumba chenye grili, kufuli kwa nje na watoto watatu ndani hakina njia yoyote ya kuokoa mtu. Afadhali mtoto akae barazani kwa bibi wa jirani akiwa na vumbi. Mkubwa wa miaka minane naye si mlezi. Ni mtoto aliyepewa mtoto. Namba ya Zimamoto ni 114, na iandikwe ukutani kwa kalamu nene karibu na mita ya LUKU.

Vidogo vidogo ni vingi, hatutavimaliza. Karanga na mbegu za ubuyu si vya mtoto ambaye hajafika umri wa kutafuna vizuri. Betri ndogo za duara, zilizo katika vitu vya kuchezea na rimoti, zikimezwa huunguza koo kwa muda wa saa chache. Vidonge vya presha vya babu havifai kukaa chini ya mto. Tasbihi ikikatika, shanga zote zihesabiwe.

Yakitokea yaliyotokea, yapo makosa ambayo huzidisha madhara, na mengi hufanywa kwa mapenzi. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa, mawese au maji ya chumvi. Hatari kubwa ya mafuta hayo haiko tumboni. Iko katika mapafu, na kila anapotapika hupata nafasi nyingine ya kuingia huko. Aliyemeza kostiki vilevile asitapishwe, kwani kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Mtoto apelekwe hospitali haraka, iwe Temeke, Mwananyamala au iliyo jirani zaidi, na chupa yenyewe ibebwe ili daktari aione. Hata akionekana mzima, apelekwe. Kikohozi na kuhema haraka huweza kuja saa kadhaa baadaye. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha afunikwe kitambaa safi. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta na unga visipakwe. Tumeulizwa kuhusu asali, kwa kuwa imetajwa katika Qur'ani kuwa ina ponyo. Imani yetu kwayo haitikisiki; ila ile ya sokoni iliyochanganywa na sukari, ikipakwa juu ya ngozi inayochuruzika, huwapa wauguzi kazi ya kuiosha upya huku mtoto akilia.

Imebaki namna ya kuwakutanisha wenye nyumba moja. Hapa hatukuhitaji kubuni jambo jipya, kwani kikao kipo tayari. Kila umeme unapokaribia kwisha, wapangaji husimama ukumbini kuchanga fedha ya LUKU, na hapo hakuna asiyefika, kwa sababu anayekosa hujikuta gizani. Tumependekeza katika mtaa wetu kwamba kikao hicho hicho kiongezewe dakika kumi: nani ana mafuta ya taa, nani ana kostiki, nani ameweka sumu ya panya na wapi, ufunguo wa mlango uko wapi, mfuniko wa chemba ukoje. Asiye na mtoto naye ahusike. Wenye nyumba wawili wamekubali kuliandika sharti la kutohifadhi sumu katika chupa za vinywaji kwenye mikataba yao mipya ya upangishaji, pamoja na yale ya kutopiga muziki usiku.

Kwa upande wa madrasa, ustadhi aliwapa wanafunzi kazi isiyo ya kawaida: kila mmoja ahesabu nyumbani kwao chupa za soda, maji au juisi ambazo ndani yake hamna kinywaji, kisha aje na idadi na mahali zilipo. Mwanafunzi mmoja alirudi na hesabu ya chupa saba, nne kati yake zikiwa chini ya kitanda anacholala mdogo wake. Baba yake alikuja msikitini Magharibi ile akaomba sanduku la bati lililokuwa likihifadhia misahafu ya zamani. Sanduku hilo sasa liko juu ya kabati la ukumbini, chupa zote za nyumba nzima zimo ndani yake, na ufunguo anao mpangaji wa chumba cha mwisho.